Binti Asilipe Deni la Kahawa

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Kishanda, Muleba. Nina miaka 17 kwenye ndoa. Mume wangu si mtu mbaya, na nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, maana nikisoma niliyoyaandika naona kama namsema.

Shida ilianzia kibanjani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa. Mnyauko uliingia upande wa bondeni, sisi tukadhani ni jua. Majani yakawa njano, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, ukikata shina linatoa utomvu wa njano. Mpaka bwana shamba anafika, zaidi ya nusu ya migomba ilikuwa imeshaondoka. Tukang'oa. Kabla hatujakaa sawa mama mkwe akaugua, akapewa rufaa ya hospitali ya Bugando. Shangazi, unajua Bugando si dawa tu. Kuna nauli, kuna anayemuuguza naye ale na alale mahali. Mume wangu ndiye mtoto wa kiume pekee aliyebaki nyumbani, kaka zake wako Dar es Salaam, na hataki waambiwe kwamba ameshindwa. Akauza kahawa kwa butura mwezi wa pili, magunia manne, buni zikiwa bado mbichi mtini. Msimu ulipofunguliwa tajiri akaja na magunia yake mkononi. Tulichuma, tukaanika, tukamjazia, kama vibarua kwenye miti yetu wenyewe.

Na mimi nina langu. Niko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Nilichukua 300,000, marejesho yakanishinda, nikaona aibu, nikaenda Muleba mjini kwa wale wa mikopo ya kausha damu nikakopa ili nilipe kikundi. Sasa narejesha kila Jumatatu. Baba watoto hajui. Pesa naitoa kwenye vitumbua ninavyouza na, Mungu anisamehe, kwenye matumizi ya nyumbani. Wakati wa kula mimi huwa nasema nimeshashiba.

Wiki iliyopita nilikuwa nafua begi la mwanangu wa darasa la pili. Nikakuta kipande cha muhogo wa kuchemsha, amekifunga kwenye karatasi ya daftari, kimeanza kunuka. Nikamuuliza. Akasema, "Ni cha kesho, mama."

Mume wangu siku hizi haongei. Anarudi usiku ananuka pombe ya rubisi. Hajanipiga. Mwezi jana alirusha sahani ukutani kwa sababu ya chumvi. Watoto wakisikia mlango wanakimbilia chumbani.

Sasa amekuja na neno. Binti yetu wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Anataka aende Mwanza kwa jamaa wa mbali akafanye kazi za ndani, atutumie chochote mpaka hali itengemae. Na isipotosha, tuuze kipande cha kibanja. Binti mwenyewe ameniambia yuko tayari kwenda. Hilo ndilo linaloniliza.

Nimruhusu? Na deni langu nimwambie mwenzangu, au nilimalize kimya kimya?

Mama wa Wanne, Kishanda

*

Mwanangu,

Najua utaruka mistari ukitafuta jibu, kwa hiyo nakupa sasa hivi: binti asiende, na deni lako umwambie mumeo. Anza na hilo la pili, kwa sababu bila hilo, la kwanza hutaliweza.

Ukiisoma tena barua yako uliza swali moja kila unapofika kwenye namna mlivyojinasua: hapa amelipa nani? Butura imelipwa na kahawa ya mwaka mzima. Kausha damu inalipwa na tumbo lako, na huyo wa darasa la pili ameshaanza kuchangia. Ukimya kwa ndugu wa Dar es Salaam unamgharimu mumeo mwenyewe, na risiti anaikatia kilabuni. Safari ya Mwanza ataigharimia binti. Hakuna shida iliyokwisha hapo, mwanangu. Imehamishwa tu, kutoka kwa mwenye nguvu kwenda kwa asiye na la kusema.

Na kuna kulipa kunakorudi, na kuna kusikorudi. Kula viazi miezi sita badala ya ndizi kunarudi. Najua kwetu mtu asipokula ndizi husema hajala, hata akiwa ameshushia sufuria zima la viazi, lakini ule ni mdomo tu unaolalamika. Kahawa iliyoenda butura inauma, ila mti umebaki na mwakani utazaa. Kibanja kikiuzwa hakirudi. Mtoto akitoka shule kidato cha pili, kurudi ni kwa bahati.

Hili silisemi kwa kukisia. Mkoa wetu umechunguzwa kuliko mikoa mingi ya Afrika. Kuanzia 1991 hadi 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Muhimbili walifuatilia kaya zaidi ya 900 za Kagera, wakati ule ukimwi ulipokuwa unafunga nyumba, kisha watu walewale wakatafutwa tena 2004 na 2010, hata waliohamia Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Waliochambua takwimu hizo waliona kwamba mazao yakiharibika, saa za kazi za watoto ziliongezeka, na ziliongezeka zaidi kwenye nyumba zisizokuwa na mali ya kushikilia. Waliona pia kwamba mtoto aliyefiwa na mama akiwa mdogo, alipokuja kupimwa ukubwani, alikuwa amepoteza kama sentimita 2 za urefu na kama mwaka 1 wa masomo, na havikurudi. Wewe uko hai, namshukuru Mungu. Nakupa mfano huo uone jinsi msukosuko wa miaka michache unavyoweza kukaa mwilini mwa mtu maisha yake yote. Kwa hiyo hiyo "mpaka hali itengemae" ya mumeo mimi siiamini. Hali hutengemaa, ila aliyetolewa shule anakuwa ameshakuwa mtu mwingine.

Sasa tumzungumzie baba watoto, na tumtendee haki. Umesema si mtu mbaya na mimi nakubali.

Miaka ya 1980 wakulima wa jimbo la Iowa huko Marekani waliumizwa na madeni. Walikuwa wamekopa kununua ardhi na mashine, riba ikapanda, bei ya mazao na ya ardhi ikaanguka, mabenki yakaanza kuchukua mashamba. Watafiti wawili, Rand Conger na Glen Elder, wakafuatilia familia 451 za vijijini huko kuanzia 1989. Walichokigundua ungeweza kukiandika wewe: ukata haukwenda kwa watoto moja kwa moja. Ulipitia kwa baba na mama. Mzazi alianza kwa kukosa amani, akawa na hasira za karibu au akanyamaza kabisa, wanandoa wakaanza kuumana, ulezi ukawa wa ukali au wa kutojali, na hapo ndipo watoto wakaharibika, shuleni na moyoni. Waligundua na jambo lingine, na ndilo lililonifanya nikuletee wazungu wa mahindi huku kwenye migomba. Wanandoa waliozoea kutiana moyo na kukaa kuyatatua mambo pamoja, ukata uleule uliwapiga kwa wepisi zaidi. Kipato hakikuwa kimeongezeka.

Sahani iliyopigwa ukutani haikuhusu chumvi. Mwanamume wa kwetu analelewa akijua kazi yake ni kibanja, kahawa na wazazi wake. Mwaka mmoja vyote vitatu vimemponyoka, na kaka zake wako mjini wanaweza kusikia. Anaona aibu. Aibu ya mwanamume ikikosa pa kusemewa huenda kilabuni, na ikitoka huko huja nyumbani na kelele.

Lakini kumwelewa mtu si kumpa ruhusa. Sahani ni onyo. Siku mkono utakapoinuka juu yako au juu ya mtoto usisubiri wa pili: mna mwenyekiti wa kitongoji, mna padre au shehe, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Kwa habari ya mtoto kuna namba 116, kupiga ni bure. Andika namba hiyo mahali watoto wanapaona.

Tuendelee. Kuna utafiti mwingine uliochapishwa 2013 kwenye jarida la Science, uliofanywa kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, watu wanaopata pesa kwa msimu kama ninyi wa kahawa. Mkulima yuleyule alipimwa akili kabla ya mavuno, mfuko mtupu, akapimwa tena baada ya kulipwa. Kabla ya mavuno alifanya vibaya kuliko alivyofanya baadaye. Ukata unajaza kichwa, nafasi ya kufikiri inabaki ndogo. Ndiyo maana butura ina wateja kila mwaka, ingawa viongozi wa mkoa wameikemea na kuipiga marufuku mara nyingi, na hakuna Mhaya asiyejua kwamba ni wizi wa mchana. Mwezi wa pili mtu haoni mwezi wa saba. (Mimi sijawahi kumwona mkubwa anayekemea butura akieleza huyo mwenye mgonjwa Bugando angepata wapi pesa siku ile, lakini hayo tuyaache.)

Kwa hiyo nawaomba jambo moja: maamuzi mawili haya, binti na kibanja, yawekwe pembeni mpaka msimu ujao upite. Kukataa kabisa mbele ya mumeo kutaleta vita. Kuahirisha atakubali. Mwambie, "Baba, haya tutayazungumza tukishauza kahawa." Ni maneno mepesi kumeza.

Deni lako, utamwambiaje? Usimwambie usiku, na usimwambie akiwa ametoka kilabuni. Usimwitie mtu wa kusuluhisha bado. Mkiwa kibanjani asubuhi, mikono ikiwa na kazi, kila mtu anatazama chake, ndipo maneno mazito hutoka kwa urahisi. Anza na lako, usianze na butura yake. Ukianza na butura atajitetea, na mkifika kwenye kausha damu atakuwa ameshapata fimbo ya kukuchapia. Sema hivi, kwa lugha yenu ya nyumbani: "Baba, mimi nilikopa. Nilikuficha kwa sababu niliona una mzigo. Nimekopa kiasi hiki, nimelipa hiki, kimebaki hiki. Nimechoka kuubeba peke yangu." Kisha nyamaza. Atakasirika. Mwache akasirike, usilipize hata akikuambia maneno ambayo jibu lake unalo. Nakuhakikishia kwamba akili yake itafika mahali ambapo hujaitaja wewe: kumbe na mwenzangu ameanguka. Watu wawili waliofichana aibu ya namna moja, wakifunuliana, mara nyingi hupumua.

Akishatulia, siku hiyo au kesho yake, chukueni daftari. Andikeni madeni yote, hata ya dukani ya sabuni: nani anadai, kiasi gani kimebaki, lini, na nini kinatokea tusipolipa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayowaamulia. Mtagundua kwamba wanaodai kwa kelele si lazima ndio wa kulipwa kwanza. La kausha damu linazaa kila wiki, hilo lizikwe mapema. La kikundi umeshalilipa, ila kama kuna faini, nenda kwa mwenyekiti wa kikundi ukaseme ukweli, maana kikundi kitakufaa hata baada ya shida hii na hutaki kukipoteza. La mwenye duka, mpe tarehe na uishike. La ndugu, sema naye tu. Kisha wekeni mkataba kati yenu wawili: kuanzia leo hakuna anayekopa wala kuuza kitu cha thamani bila mwenzake kujua, na kahawa isiyokomaa haiuzwi. Kama mna magunia mliyokwisha kuyalia pesa ya msimu ujao, yahesabuni, yaandikeni, na msiongeze hata debe. Kahawa inayobaki ipite kwenye chama chenu cha ushirika, AMCOS.

Kuhusu hawa wakopeshaji: nchi ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na anayekopesha kwa riba kama biashara anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Sisemi huyo wako hana. Nasema una haki ya kuuliza, una haki ya nakala ya mkataba, na una haki ya kuandikiwa salio. Usikopee tena kwenye simu ili kulipia hapo, tafadhali. Na kuna mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo vikundi vya wanawake vimetengewa 4. Ile ni ya mradi wa kikundi, kwa mfano vitumbua vikawa biashara ya kikundi. Atakayeichukua akalipie madeni ya zamani atakuwa amejiongezea mdai.

Nafika kwa kaka wa Dar es Salaam, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Mgonjwa ni mama yao wote. Kwa nini alipiwe na migomba ya mmoja? Mwaka 2000 mtafiti mmoja, Joachim De Weerdt, alikaa kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, akahoji kaya zote 119 akiziuliza nani humtegemea nani shida ikija. Alichora mtandao mzima: ndugu, majirani, watu wa dini moja, wenzao wa vikundi vya misiba. Ugonjwa ulipoingia nyumbani, chakula kijiji kizima kilisaidia kukishikilia. Matumizi mengine yalitegemea watu wako mwenyewe, wale uliofungamana nao. Na maskini ndio waliokuwa na watu wachache zaidi. Mumeo ana watu. Amewafungia mlango. Mkoa huu wetu umepita vita ya 1978, ukimwi, kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996, tetemeko la Septemba 2016, na watu hawakuvuka hayo kwa kila mmoja kujifanya hana shida. Tulivuka kwa kuchanga.

Usiwapigie wewe shemeji zako kwa siri. Hilo litamvua nguo mumeo, na hatasahau. Akishaliona daftari, mwambie aitishe kikao cha ukoo, hata kwa simu, na asiende kuomba. Aende na hesabu: nauli ya Bugando hii, dawa hii, aliyemuuguza amekaa siku ngapi, mimi nimetoa hiki, ninyi mnatoa nini? Wanaume wa mjini wengi si wachoyo, ila ukiwaambia "hali ngumu" wanatuma 20,000 na pole. Wakionyeshwa hesabu wanaona haya. Awaulize pia kuhusu bima. Bima ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa ikikata kadi ya kaya ya watu 6 kwa 30,000 kwa mwaka. Ulizeni zahanati utaratibu wa sasa ukoje chini ya bima ya afya kwa wote, na kaka mmoja alipie ya nyumba ya mama.

Kibanja: asikiuze peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kukodisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake; waulize wenye kujua sheria kama kinagusa na shamba. Na kama ni kibanja cha ukoo, wako wazee wenye la kusema kabla ya mnunuzi kutia mguu. Wewe usiende na kifungu hicho kama rungu. Kijue tu, kikae mfukoni, na mtendaji wa kijiji akija na karatasi usitie dole gumba.

Kile kipande mlichong'oa kisikae bure. Mnyauko uliingia Tanzania katikati ya miaka ya 2000, kwetu Kagera, na tangu hapo wakulima na watafiti wa kituo cha Maruku wamejifunza namna ya kuishi nao. Ardhi ipumzike na migomba miezi sita hivi. Wakati huo weka maharage, viazi, muhogo. Ukirudisha migomba, chukua machipukizi mahali pasipo na ugonjwa, usipewe kwa hisani na jirani mwenye huruma na mnyauko. Panga na jembe vipitishwe kwenye moto kila ukitoka shina moja kwenda jingine. Na ua dume linaloning'inia chini ya mkungu livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda, lisikatwe kwa panga, maana hapo ndipo wadudu wanapouleta. Kazi ya kuvunja maua na kuchoma panga mpe mumeo. Anahitaji kitu anachokiona kikipona mikononi mwake.

Watoto. Huyu mdogo na muhogo wake asikemewe na asichekwe. Mtoto wa darasa la pili amepiga hesabu ambayo ninyi wakubwa mlikuwa mnafichana. Anachohitaji ni kujua kesho kuna nini. Kila jioni mwambie: "Kesho asubuhi uji, ukirudi shule kuna viazi na maharage." Iwe kweli, hata kikiwa kidogo. Akitaka kuweka kipande, mpe kibakuli chenye mfuniko, kikae jikoni mahali anapopajua, ataacha mwenyewe akishaona kesho inafika na chakula chake. Na wewe acha kusema umeshashiba. Watoto wanajua. Kaa ule nao, hata kama ni tonge tatu, wasije wakajifunza kwamba mama ni mtu asiyekula.

Wote wanne waambieni, ninyi wawili mkiwa mmekaa pamoja, kwamba kuna deni, kwamba si kosa la yeyote kati yao, na kwamba baba na mama wanalishughulikia. Maneno matatu tu. Mtoto asipoambiwa hujitungia, na anachojitungia huwa kibaya kuliko deni.

Binti sasa. Amesema yuko tayari kwenda na wewe ukalia. Mwite peke yake. Mshukuru kwanza, kwa sababu ametoa alichokuwa nacho. Kisha mwambie hamkipokei. Asibaki akidhani kukaa kwake shule ndiko kunakowatia njaa; mpe kazi ya kweli, ndogo, isiyomtoa darasani: yeye ndiye mwandishi wa lile daftari la madeni. Ana hati nzuri kuliko yenu, bila shaka, na atakuwa anaona kwa macho yake deni likipungua. Tangu 2016 ada haidaiwi sekondari ya serikali, kilichobaki ni michango, sare na chakula. Nenda kwa mkuu wa shule kabla hajakuita, umweleze, uombe kulipa kwa awamu. Wengi hukubali wakifuatwa. Mtihani wa kidato cha pili huwa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo usiku asome, asiende kuuza vitumbua.

Mumeo akisisitiza Mwanza, muulize kwa upole hesabu yake: huyo jamaa atamlipa kiasi gani, kwa mwezi gani, na nani atakuwepo siku akilipwa maneno? Mabinti wa mkoa huu wamekuwa wakipelekwa mijini kwa ahadi za namna hiyo tangu mimi sijaolewa, na pesa inayorudi nyumbani huwa kidogo, ikirudi. Muulize akimaliza kuhesabu atakuwa amepata nusu ya gunia la kahawa au gunia zima. Atajua jibu.

Rubisi nimeiacha mwisho makusudi. Usiiguse mwezi huu. Akishapata mahali pa kusemea nyumbani, ataipunguza mwenyewe, na asipoipunguza hadi wakati wa kuvuna, niandikie tena, hilo litakuwa jambo jingine na jibu jingine.

Jumatatu ijayo usiende Muleba peke yako. Nenda na mumeo, mkiwa mmeshazungumza, mchukue lile daftari. Mwambieni mkopeshaji awaandikie salio, atie sahihi na tarehe, na mwombeni marejesho ya kila mwezi badala ya kila wiki, kiasi mnachoweza kweli. Akikataa kuandika, msilipe kingine bila risiti, na mwende siku hiyohiyo kwa ofisa maendeleo ya jamii pale halmashauri mkaulize huyo mtu amesajiliwa wapi.